NYUMBA YA JICHO

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, weka kidole chako juu ya nyusi yako, ubonyeze polepole. Utasikia mfupa mgumu. Sasa peleka kidole upande wa sikio, kisha shuka mpaka juu ya shavu, kisha uzunguke mpaka kando ya pua. Umezunguka mlango wa nyumba ya jicho lako. Mlango wote ni mfupa, na mfupa huo ni mnene. Lakini kidole chako hakiwezi kufika ndani, na huko ndani mifupa si minene. Mahali pengine ni myembamba kama ganda la yai.

Hii ndiyo sababu ya somo letu. Mtu akipigwa usoni, watu hutazama jicho tu. Wakiona kwamba halikupasuka, husema, "Jicho ni zima," nao humrudisha nyumbani. Lakini jicho laweza kuwa zima, na nyumba yake imebomoka. Nyumba ikibomoka na watu wasijue, mtu aweza kupoteza kuona katika saa chache, au mtoto aweza kubaki akiona vitu viwili viwili maisha yake yote. Basi, tujifunze kwanza jinsi nyumba hii ilivyojengwa. Ndipo tutajua namna ya kuitazama inapopigwa.

MIFUPA SABA

Tundu la jicho lina umbo kama pembe ya ng'ombe iliyokatwa: mbele ni pana, na nyuma linakuwa jembamba. Urefu wake kutoka mbele mpaka nyuma ni kama sentimeta 4 au 5. Ukilijaza maji, litachukua mililita 30 hivi, yaani vijiko vikubwa viwili. Jicho lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Upana wake ni milimita 24 hivi, tena halijazi hata robo ya nyumba yake.

Mifupa saba imeungana kujenga nyumba hii. Mfupa wa paji la uso uko juu. Mfupa wa shavu uko upande wa nje na chini. Mfupa wa taya la juu uko chini. Upande wa pua kuna mfupa mdogo wa machozi, ambao ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole cha mwisho, na nyuma yake mfupa wenye vitundu vingi vya hewa kama chekeche. Nyuma kabisa kuna mfupa wenye umbo kama kipepeo, ambao unakaa katikati ya kichwa, pamoja na kipande kidogo cha mfupa wa kaakaa.

Kama kila nyumba, hii pia ina dari, sakafu na kuta.

Dari iko juu, na juu ya dari ni ubongo. Kumbuka neno hili, maana tutalirudia.

Ukuta wa nje, upande wa sikio, ndio wenye nguvu kuliko zote. 

Ukuta wa ndani, upande wa pua, ndio mwembamba kuliko zote. Waganga wa zamani waliupa jina lenye maana ya karatasi, kwa sababu ukiushika mwangani, mwanga unapita. Nyuma ya ukuta huo ni vyumba vidogo vya hewa ya pua.

Sakafu nayo ni nyembamba. Chini ya sakafu kuna chumba kitupu chenye hewa, ndani ya mfupa wa taya. Tena katika sakafu hiyo unapita mshipa wa fahamu unaotokea chini ya jicho. Mshipa huo ndio unaokufanya usikie kitu kikigusa shavu lako, kando ya pua yako, mdomo wako wa juu na meno ya juu.

WAKAAJI WA NYUMBA

Jicho halikai peke yake. Limezungukwa na mafuta laini, kama vile yai linavyozungukwa na majani makavu ndani ya kikapu ili lisivunjike njiani. Misuli sita midogo imeshikamana nalo kuligeuza juu, chini, kulia na kushoto. Mmoja wa misuli hiyo unapita karibu sana na sakafu. Nyuma kabisa, mahali pembe inapokuwa nyembamba, kuna tundu ndogo, na hapo unapita mshipa wa kuona, unaopeleka habari ya mambo yote unayoyaona mpaka kwenye ubongo. Mshipa huo ukibanwa au ukikosa damu, jicho haliwezi kuona, hata kama kwa nje linapendeza na kung'aa.

JINSI NYUMBA INAVYOBOMOKA

Kitu kidogo, kama jiwe la manati au kipande cha mwamba kinachoruka kwenye nyundo, hupita mlangoni na kulipiga jicho lenyewe. Jicho hupasuka au huchomwa. Lakini kitu kikubwa, kama ngumi, kiwiko cha mchezaji, mpira wa miguu, mpini wa jembe au gogo la kuni, hakiwezi kuingia. Mlango mnene unakizuia. Hata hivyo nguvu ya pigo haiishii mlangoni. Inasukuma jicho na mafuta kurudi nyuma, na tena inatikisa mfupa wa mlango. Mahali panapokuwa dhaifu hupasuka, yaani sakafu au ukuta wa upande wa pua.

Mwaka 1957, huko Marekani, waganga wawili, Smith na Regan, walitaka kujua jambo hili. Waliweka mpira mgumu juu ya jicho la maiti, wakaupiga kwa nyundo. Walipotazama, mlango wa tundu ulikuwa mzima, lakini sakafu ilikuwa imevunjika na kuangukia chumba cha hewa kilicho chini. Ndiyo maana nimekuambia kwamba kidole chako mlangoni hakitoshi. Mlango waweza kuwa imara na sakafu imekwenda.

Mtu akianguka kwa pikipiki au akitupwa na chukudu kwenye mteremko, mara nyingi mlango wenyewe pia huvunjika, pamoja na mfupa wa shavu. Huyo hujulikana upesi, maana uso wake umebadilika. Anayetudanganya ni yule wa kwanza, ambaye uso wake haukubadilika sana.

MAMBO SABA YA KUTAZAMA

Mtu akipigwa karibu na jicho, mketishe mahali penye mwanga. Usimfungue kope kwa nguvu kama zimevimba. Kama anaweza kufungua mwenyewe, tazama mambo haya:

1. Funika jicho lake zima kwa kiganja. Mwonyeshe vidole, umwulize ni vingapi. Kama haoni, au anaona giza, usingoje dakika moja.

2. Mwambie asitikise kichwa, afuate kidole chako kwa macho. Kipeleke juu, chini, kulia na kushoto. Macho yote mawili yatembee pamoja. Kama moja linakataa kupanda au kushuka, huenda msuli umebanwa katika ufa wa mfupa.

3. Mwulize kama anaona kitu kimoja au viwili.

4. Gusa mashavu yake mawili kwa ncha ya kitambaa, kisha mdomo wa juu. Kama upande mmoja umekufa ganzi, sakafu imeumia.

5. Simama nyuma yake, utazame uso wake kutoka juu. Je, jicho moja limeingia ndani kuliko lingine? Au limetokeza nje?

6. Gusa kope na ngozi iliyovimba, lakini usilibonyeze jicho. Kama unasikia mlio mdogo kama wa majani makavu, hewa ya pua imeingia chini ya ngozi kwa njia ya mfupa uliovunjika.

7. Tazama pua. Kama maji meupe kama ya kisima yanatiririka baada ya pigo, yaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo.

Dalili moja tu kati ya hizi yatosha kumpeleka hospitali.

HATARI YA KWANZA: MTOTO ANAYETAPIKA

Ninyi wazazi, someni sehemu hii mara mbili.

Mfupa wa mtu mzima ni kama kuni kavu: ukivunjika, unabaki wazi. Mfupa wa mtoto ni kama fimbo mbichi: unapinda, unapasuka kidogo, kisha unarudi mahali pake. Ukirudi, unaweza kuubana msuli wa jicho, kama mtego unavyobana mguu wa panya. Msuli uliobanwa hukosa damu, ukaanza kufa.

Tuseme kijana wa miaka 10 amepigwa kiwiko katika mpira siku ya Jumamosi. Jicho lake si jekundu. Halikuvimba sana. Jioni anaanza kutapika, anataka kulala tu, hataki kufungua macho. Mama yake anasema, "Ni malaria." Anapewa vidonge. Jumapili anatapika tena. Jirani anasema kuna mtu amemtendea vibaya, nao wanaanza kutafuta adui. Jumatano wanafika hospitali, na msuli umekwisha kuharibika.

Kwa nini jicho lilete kutapika? Kwa sababu mshipa wa fahamu unaotoka kwenye jicho unapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unajibu kwa mshipa mwingine unaokwenda kwenye moyo na tumbo. Tangu mwaka 1908 waganga wawili, Aschner na Dagnini, walikwisha kueleza kwamba ukilibonyeza jicho la mtu, moyo wake hupiga polepole zaidi. Msuli ukivutwa ndani ya ufa wa mfupa, mambo ni yale yale: moyo unapunguza mwendo, mtu anasikia kizunguzungu, anatapika, pengine anazimia anapojaribu kutazama juu.

Basi shika jambo hili. Mtoto aliyepigwa karibu na jicho, akitapika au akikataa kutazama juu, aende hospitali siku ile ile, hata kama jicho linaonekana safi. Yaweza kuwa msuli umebanwa. Yaweza pia kuwa ubongo umetikisika. Yote mawili hayangoji. Kama ana homa, apimwe malaria huko huko hospitalini; kipimo cha malaria hakizuii kutazamwa jicho.

HATARI YA PILI: DAMU NYUMA YA JICHO

Nyumba ya jicho ina mlango mmoja mkubwa tu. Damu ikivuja nyuma ya jicho, haina nafasi ya kwenda. Inalisukuma jicho mbele. Jicho linatokeza, linakuwa gumu kama jiwe, linauma sana, na kuona kunapungua. Mshipa wa kuona unabanwa. Katika hali hii jicho huweza kuharibika kabisa kwa muda wa saa moja na nusu au mbili.

Hospitalini, mganga hukata kidogo kwenye pembe ya nje ya kope, ili jicho lipate nafasi. Ni kazi ya dakika chache, na kidonda chake hupona vizuri. Lakini mara nyingi jamaa wakisikia neno "kukata jicho," wanaogopa. Wanasema, "Tungojee mjomba afike, tushauriane." Ndugu zangu, mjomba akifika kesho, atamkuta mgonjwa ni kipofu wa jicho hilo. Jicho lenyewe halikatwi. Kinachokatwa ni pembe ya kope tu. Muulizeni mganga maswali yenu pale pale, naye atawajibu, kisha mkubali mapema.

HATARI YA TATU: KIJITI KILICHOCHOMA

Nilisema kwamba juu ya dari ni ubongo. Dari hiyo kwa mtoto ni nyembamba. Mtoto akikimbia na kijiti, kalamu au waya wa gurudumu la baiskeli, akaanguka, kitu hicho chaweza kupita juu ya jicho, kikatoboa dari, kikafika kwenye ubongo. Kidonda cha nje kwenye kope huweza kuwa kidogo kama punje ya mchele. Usikidharau. Na kama kitu bado kimesimama hapo, usikitoe. Kinaziba damu, na ukikichomoa nyumbani, damu yaweza kuvuja mahali usipoweza kufika. 

YA KUFANYA NJIANI

Mgonjwa aketi, au alale na kichwa juu ya mito miwili. 

Kama jicho limechomwa au limepasuka, lifunike kwa kitu kisichogusa jicho: kikombe kidogo safi, au karatasi ngumu iliyokunjwa kama pia, ukiifunga kwa kitambaa juu ya mfupa wa nyusi na shavu. Kama kitu kimesimama ndani, kifunike vivyo hivyo bila kukigusa. Usiweke pamba wala kitambaa juu ya jicho lenyewe.

Kama jicho ni zima na uso umevimba tu, weka kitambaa chenye maji baridi juu ya nyusi na shavu, bila kukandamiza.

Kwa maumivu mpe parasetamo. Usimpe aspirini, maana inazidisha kutoka damu.

Mwambie asipenge makamasi, hata kama pua imejaa. Akipenga, hewa na uchafu wa pua vitasukumwa kupitia mfupa uliovunjika mpaka kwenye nyumba ya jicho. Akitaka kupiga chafya, afungue kinywa. Mpiga tarumbeta apumzike majuma kadhaa, mpaka mganga amruhusu.

YA KUEPUKA

Usilibonyeze jicho wala kulisugua. Usitie maji ya majani, maziwa ya mama wala mkojo. Usichanje ngozi iliyovimba, usiumike kwa pembe. Usimpe mgonjwa dawa ya macho iliyobaki nyumbani kwa mtu mwingine. Vitu hivi havirudishi mfupa mahali pake, na vyaweza kuleta usaha ndani ya nyumba iliyo karibu na ubongo.

TUNAYOFANYA HOSPITALINI

Tutapima kuona kwake na mwendo wa macho. Atapigwa picha ya mifupa. Picha ya kawaida huweza kukosa ufa mdogo. Picha ya skana inaonyesha vizuri zaidi, nayo haipatikani kila mahali. Kwa hiyo, kama picha haionyeshi ufa, lakini jicho la mtoto halipandi, tutaliamini jicho. Kama kuna kidonda, ataulizwa habari ya sindano ya pepopunda.

Mtoto ambaye msuli wake umebanwa hupasuliwa upesi, ikiwezekana ndani ya siku moja au mbili. Mtu mzima ambaye sakafu yake imevunjika, lakini anaona vema, mara nyingi hungojeshwa juma moja au mawili ili uvimbe upungue. Wengi hupona bila kupasuliwa. Wengine, kama jicho limezama au wanaendelea kuona viwili, hufunikwa tundu la sakafu kwa kipande cha mfupa wao au kibati chembamba. Usimwone mganga kuwa mvivu akikuambia, "Rudi baada ya siku saba." Lakini urudi. Anayekaa nyumbani miezi sita hupona akiwa amepinda, na kunyosha mfupa uliokwisha kushikana ni kazi ngumu.

NENO KWA WANAOFICHA

Macho mengi hupigwa na ngumi. Vijana hupigana kwenye pombe, na waume wengine huwapiga wake zao. Kisha mgonjwa anafika amefunga kitambaa usoni, anasema, "Nilianguka kisimani." Dada yangu, sisi wauguzi hatuketi barazani kuhukumu. Tunauliza ulipigwa na nini kwa sababu ngumi huvunja sakafu, mwamba huchana kope, na mti huacha vipande ndani. Jibu la kweli hutuonyesha mahali pa kutazama. Omba kusema na muuguzi peke yako, naye atamtoa aliyekusindikiza.

Na wewe mume uliyenyosha mkono, usimzuie mkeo njiani kwa sababu ya aibu. Aibu yako itapita, lakini jicho lililokufa halirudi. Mpeleke leo, usimguse tena.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Ni kuta zipi za nyumba ya jicho zilizo nyembamba, na nyuma yao kuna nini?

2. Shavu likifa ganzi baada ya pigo, ni sehemu gani imeumia?

3. Kwa nini mtoto aliyepigwa jicho anaweza kutapika bila kuwa na malaria?

4. Jicho likitokeza na kuwa gumu, una muda gani?

5. Utamwambia nini mtu anayetaka kukichomoa kijiti?

Ukiweza kuyajibu yote bila kufungua kitabu, msomee jirani asiyejua kusoma, hasa yule mwenye watoto wanaocheza mpira.